Kutoka mshumaa hadi luksi: shajara ya kupima mwanga wa kusomea, Muheza

Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kuirudia kazi hii kwake. Tunapima taa zinazotumika majumbani hapa Muheza, mkoani Tanga, kuanzia koroboi hadi sola, ili vipimo vya mdomo tunavyovitumia kila siku, kama "mwanga wa mshumaa mmoja", "balbu ya sitini" au "mwanga wa kuchambua mchele", viwe na namba ya luksi kando yake. Wazazi wa watoto wanaokuja kwangu masomo ya jioni hununua taa kwa kukisia. Muuzaji akisema "hii ina mwanga mkali sana", mzazi hana la kumuuliza zaidi. Nataka awe nalo.

Jambo moja liwekwe sawa kabla ya yote, maana bila hilo hakuna kinachobadilika kuwa chochote. Kandela ni nguvu ya chanzo kuelekea upande fulani, na mshumaa wa kawaida una kama kandela moja. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka pande zote. Chanzo cha kandela moja kinachoangaza sawasawa kila upande hutoa lumeni 12.57. Luksi ni mwanga unaofika pale daftari lilipo: lumeni moja kwa mita moja ya mraba. Kwa hiyo "mwanga wa mshumaa mmoja" hauna luksi mpaka useme mshumaa uko umbali gani. Ukiwa mita moja, ni luksi moja. Ukiwa nusu mita, ni luksi nne.

8 Juni 2024: Simu

Tulianza na simu kwa sababu hazina gharama. Simu nyingi zina kihisi cha mwanga karibu na kamera ya mbele, kile kinachopunguza na kuongeza mng'ao wa kioo, na zipo programu za bure zinazokisoma.

Simu tatu zikiwekwa zamu kwa zamu mahali pamoja chini ya taa ileile zilitoa 210, 138 na 95. Ukiinamisha simu kidogo tu, namba inaporomoka. Mbele ya koroboi hali ni mbaya zaidi: simu moja inaruka kutoka 0 hadi 3 na kurudi 0, haina kitu katikati, na kazi yetu yote ya koroboi iko humo katikati. Mwali wa moto una joto jingi lisiloonekana kwa macho, na baadhi ya vihisi huliona joto hilo na kulihesabu kama mwanga. Ndiyo maana simu iliyosoma chini kwenye taa ya LED ilisoma juu kwenye moto.

Simu zimewekwa pembeni. Tutazirudia tukishapata kipimo cha kuzisahihishia.

15 Juni: Kihisi cha BH1750

Nimenunua moduli ya BH1750, kihisi kidogo kinachopima luksi, kwa Sh 12,000, Arduino Nano ya kunakili, kompyuta ndogo ya kukisoma, kwa Sh 20,000, ubao wa majaribio na waya kwa Sh 8,000. Kuunganisha ni nyaya nne na hakuna la kusimulia, isipokuwa pini ya ADDR: usiiache ikining'inia. Iunganishe na ardhi (GND) ili anwani, yaani jina ambalo Nano hukiita kihisi, iwe 0x23, la sivyo leo itasoma na kesho haitasoma.

Moduli ya kwanza ilikuwa inapotea kila waya ukiguswa. Tulibadilisha nyaya, tukabadilisha Nano, kumbe kasoro ilikuwa kwenye lehemu ya moduli yenyewe. Tumenunua ya pili, Sh 12,000 nyingine. Anayenunua dukani aombe ijaribiwe palepale.

Kihisi hiki kwa kawaida husoma kwa hatua ya luksi moja. Kwa koroboi hiyo haitoshi. Kuna rejista ya muda wa kupima, MTreg, yaani namba iliyo ndani ya kihisi inayoamua kipime kwa muda gani, ambayo huanza na 69 na inaweza kupandishwa hadi 254. Pamoja na hali ya pili ya usomaji makini, hatua hushuka hadi luksi 0.11. Hesabu yake: chukua namba ghafi, gawanya kwa 1.2, zidisha kwa 69, gawanya kwa MTreg uliyoweka, kisha gawanya kwa 2. Mchana irudishe 69, kwa sababu kwenye 254 kihisi hujaa hata kivulini.

22 Juni: Namba iliyotimia kwa bahati

Kihisi kinasoma, lakini kinasoma kweli? Mita ya luksi iliyopimwa maabara hatuna. Tulichonacho ni balbu ya nyuzi ya wati 60, zile ambazo bado zinauzwa kwa wafuga vifaranga. Boksi lake limeandikwa lumeni 710. Balbu ya nyuzi huangaza karibu sawa pande zote, ukiacha upande wa kitako, kwa hiyo 710 gawanya kwa 12.57 ni kandela 56. Kwa mita moja tutarajie luksi 56.

Saa mbili usiku tuliwasha, tukapima mita moja kwa utepe. Kihisi kikasoma 56.

Vijana ninaopima nao walishangilia, na ingekuwa rahisi kufunga daftari hapo. Nikataka kwanza tupime mita mbili. Umbali ukizidi maradufu mwanga unashuka hadi robo, kwa hiyo tulitarajia 14. Tukapata 27.

Ilituchukua jioni nzima kulifumbua. Makosa yalikuwa mawili, na yalikuwa yamefichana. La kwanza ni kuta: chumba changu kimepakwa chokaa nyeupe, na mwanga unaogonga ukuta unarudi kwenye kihisi. Kijana mmoja alikata kipande cha boksi ukubwa wa kiganja akakishika kati ya balbu na kihisi, ili kivuli chake kifunike kihisi tu. Mwanga wa moja kwa moja ulizuiwa, na bado kihisi kilisoma 17. Hizo ni luksi za ukuta. Toa 17 kwenye 56, inabaki 39. Toa 17 kwenye 27, inabaki 10, ambayo ni robo ya 39. Kanuni ikakaa sawa, ila balbu yenyewe sasa ilionekana ina upungufu.

Kosa la pili ni umeme. Tulipoweka mita kwenye soketi tulikuta volti 207, maana saa mbili usiku kila nyumba imewasha. Balbu ya nyuzi haivumilii hilo: mwanga wake hubadilika takriban kwa volti kupandishwa kipeo cha 3.4. Volti ikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa asilimia 30. Asilimia 70 ya 56 ni 39.

Ukuta ulikuwa umeongeza 17 na umeme umepunguza 17. Anayerudia kazi hii asiamini kipimo cha umbali mmoja hata kikitimia vipi. Apime umbali wa aina mbili au tatu, na kila mara achukue kisomo cha kivuli akitoe.

23 Juni: Kaniki

Tumenunua kaniki, nguo nyeusi zisizorudisha mwanga, Sh 16,000, tukazitundika nyuma ya balbu, nyuma ya kihisi na juu ya meza. Kisomo cha kivuli kimeshuka kutoka 17 hadi chini ya 2. Kumbuka na nguo za mpimaji: kijana mwenye kanzu nyeupe akisimama karibu na kihisi, namba inapanda. Saa tisa usiku nimeamka nikakuta volti 232, nikapima mita moja: 55. Nimeridhika. Kihisi kinaaminika kwa mwanga unaokigonga uso kwa uso.

29 Juni: Mwanga unaoingia kwa kulala

Daftari halimtazami mshumaa. Limelala mezani, na mwanga unalifikia kwa upande. Kwa nadharia, mwanga ukiingia kwa nyuzi 60 kutoka wima, daftari hupata nusu ya kile ambacho lingepata kama lingeelekezwa kwenye taa. Kihisi chetu kilichokuwa wazi kilisoma 0.38 badala ya 0.5, kwa sababu chipu imezama kidogo na kingo zake zinazuia mwanga wa pembeni.

Dawa yake ni kofia ya kutawanya mwanga. Nusu ya mpira wa meza ilipitisha mwanga vizuri lakini ilikuwa inateleza, na kila ikikaa upya namba inabadilika. Kilichofaa ni kifuniko cheupe cha kopo la mafuta ya kujipaka, kilichokatwa duara na kusuguliwa kwa msasa laini pande zote mbili, kisha kikagandishwa milimita chache juu ya chipu. Sasa kwa nyuzi 60 tunasoma 0.47. Kofia inakula mwanga, kwa hiyo tumerudia kipimo cha balbu saa ya umeme mzuri na kupata kigawo: kila kisomo kinazidishwa kwa 1.6. Kigawo hicho ni cha kifuniko chetu. Wewe utapata chako.

6 Julai: Mshumaa na doa la mafuta

Mshumaa uliwahi kuwa kipimo cha sheria. Uingereza mwaka 1860 ilieleza kwa sheria mshumaa wa nta ya nyangumi, sita kwa ratili, unaoungua greni 120 kwa saa, yaani gramu 7.8 hivi. Mwaka 1979 kandela ilielezwa upya kwa mwanga wa rangi moja tu, wa masafa ya hezi trilioni 540, ili isitegemee tena utambi wa mtu yeyote. Hata hivyo ukubwa wake ulibaki karibu na ule wa mshumaa, na hilo linatusaidia sisi wa kijijini.

Mshumaa wetu wa dukani kwenye mizani ya jikoni ulipungua gramu 6 kwa saa. Mwanzoni visomo vya nusu mita vilitangatanga kati ya 3.1 na 5. Sababu ni utambi: ukirefuka mwali unapanda na kutoa moshi. Tumekata utambi ubaki kama nusu sentimita, tukafunga madirisha na kusubiri dakika kumi nta iyeyuke vizuri. Ukatulia kwenye 3.9, ambayo ni karibu kandela moja kamili.

Kisha tukatengeneza kipimo kisicho na umeme kabisa, kile cha Bunsen wa Ujerumani, cha miaka ya 1840. Karatasi nyeupe, tone la mafuta ya kula katikati, basi. Kila aliyenunua vitumbua amewahi kuiona karatasi ya namna hii. Iweke wima kati ya taa mbili. Upande wenye mwanga zaidi, doa linaonekana jeusi. Wenye mwanga kidogo, doa linang'aa. Sogeza taa moja polepole hadi doa lipotee: hapo pande zote mbili za karatasi zimepata mwanga sawa.

Mshumaa ukiwa sentimita 30, koroboi ilibidi isogee hadi 25. Gawanya 25 kwa 30, zidisha jibu kwa lenyewe: 0.69. Koroboi yetu ni mishumaa 0.7. Kihisi kilisema 0.68. Nimefurahi kupita kiasi, kwa sababu maana yake shule isiyo na Arduino wala umeme inaweza kuifanya kazi hii kwa karatasi, rula na mafuta.

Kwa mshumaa na taa ya LED, doa halikupotea. Upande mmoja ni wa njano iliyoiva, mwingine wa samawati, na jicho halikubali kuziita sawa. Tulijaribu kukodoa, tukajaribu kukaa mbali; kila mtu alisimamisha taa mahali pake. Doa litumike kwa moto dhidi ya moto tu.

13 Julai: Kiza cha kutotambuana

Tulitaka ushahidi wa tatu, usiotoka kwenye balbu wala mshumaa. Anga likiwa wazi, jua linapofika nyuzi 6 chini ya upeo, mwanga wa ardhini huwa karibu luksi 3.4. Hapa karibu na Ikweta jua hushuka karibu wima, kwa hiyo hufika huko dakika ishirini na kitu tu baada ya kuzama. Jua lilizama saa 12 na dakika 25. Saa 12 na dakika 48 kihisi, kikiwa uwanjani kikiangalia juu, kilisoma 3.1. Mawingu yalikuwepo kidogo upande wa milima ya Usambara. Nimekubali.

Jioni hiyohiyo tulipima kipimo cha mdomo: mtu akija kutoka ng'ambo ya uwanja, unamtambua kwa uso hadi lini? Wengi walianza kukisia badala ya kutambua ilipofika kama luksi 2. Linganisha na koroboi mezani, ambayo inafuata hapa chini.

20 Julai: Daftari, koroboi na kopo la maziwa

Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo. Koroboi imewekwa mezani, mwali uko sentimita 12 juu ya meza, daftari liko sentimita 35 mbele. Luksi 1.7. Mtoto anasoma kwenye mwanga ambao uwanjani tungeuita kiza cha kutotambuana. Kiwango cha Ulaya cha taa za ndani, EN 12464-1, kinataka luksi 500 kwa kusoma na kuandika ofisini.

Tumeiweka koroboi ileile juu ya kopo la maziwa ya unga, mwali ukapanda hadi sentimita 25. Luksi 2.2. Bila kuongeza tone la mafuta, mwanga umezidi kwa karibu theluthi. Mwanga sasa unashuka kwenye karatasi badala ya kuipita kwa juu juu. Tukapandisha zaidi, hadi sentimita 40: ukaanza kupungua tena, umbali umekuwa mkubwa. Ukifanya hesabu utakuta kimo bora ni saba ya kumi ya umbali unaopimwa mezani, kutoka chini ya taa hadi daftari. Kopo liwe pana na tupu la vitu vinavyoshika moto, na lisiwekwe pale mtoto anapopitisha mkono.

Chemli: kandela 3.4 kioo kikiwa safi. Chenye masizi ya siku chache, 2.1. Kukifuta kwa kitambaa kikavu ni sawa na kuongeza mshumaa mzima na zaidi.

Karabai ya jirani, iliyoandikwa 500 kwenye tangi, yaani mishumaa 500, ilisoma luksi 62 kwa mita mbili, yaani kandela 248. Kisoksi chake ni kikuukuu na upepo ulikuwa umepungua. Baada ya kupampu ilipanda kidogo. Karabai za zamani za Kijerumani zilihesabiwa kwa mshumaa wa Hefner, taa ya mwali wa milimita 40, ambao ni kama 0.9 ya kandela. Kwa hiyo hata mpya, 500 yake ingekuwa kama 450 yetu.

27 Julai: Mchele, sindano na tochi

Bibi yangu alikubali kutusaidia na ungo wa mchele wenye mawe na chuya. Tulimwekea taa ya sola ya kushusha na kupandisha mwanga, tukawa tunaishusha.

"Bibi, hapo bado unayaona?"

"Mawe nayaona, mjukuu wangu. Chuya siioni."

Ilikuwa luksi 40. Chini ya hapo alianza kutumia vidole badala ya macho. Wajukuu wa kike, wa miaka 15 hivi, walichambua bila shida hadi 12. Hakuna ajabu: kwa mtu wa miaka 60, mwanga unaofika ndani kabisa ya jicho ni kama theluthi tu ya ule wa kijana wa miaka 20. Kwa hiyo "mwanga wa kuchambua mchele" si namba moja. Tumeiandika 40, ya mzee, kwa sababu taa ya nyumbani ni ya wote. Kutunga uzi mweusi kwenye sindano, fundi cherehani wa hapa sokoni alidai 90 kabla hajaridhika, na mandhari ilibidi iwe kitambaa cheupe.

Tochi iliyoandikwa kandela 100,000 tumeipima kwa mita tano: luksi 240 katikati ya duara. Zidisha kwa 25, ni kandela 6,000. Tochi isipimwe karibu. Kioo chake cha kurudisha mwanga huvuruga hesabu mpaka ufike mita kadhaa. Na kandela za tochi zisilinganishwe na za taa ya kusomea: mwanga uleule ukibanwa kwenye duara dogo, kandela zinapanda bila lumeni hata moja kuongezeka.

10 Agosti: Kilichobandikwa ukutani

Hivi ndivyo inavyosomeka karatasi iliyo chumba cha masomo, zote zikiwa ni luksi kwenye daftari. Koroboi mezani 1.7, juu ya kopo 2.2. Mshumaa kwenye kimo bora, 3. Kuchambua mchele 40. Balbu ya LED ya wati 9, ile "sawa na sitini", ikiwa darini mita 1.9 juu ya meza, kuta nyeupe bila kaniki: 48. Kutunga uzi 90. Taa ndogo ya sola yenye lumeni 100 hivi, ikiinama sentimita 40 juu ya daftari: 190 mwanzo wa jioni, 120 baada ya kuwaka kwa saa tatu, betri inaposhuka.

Mzazi mmoja aliisoma akauliza, "Mwalimu, hii ndogo inaipitaje ya darini?" Nikamwonyesha kwa utepe. Ya darini inaangaza chumba kizima kutoka mbali; ya sola inamwaga karibu kila ilichonacho kwenye ukurasa mmoja. Alikuwa amekuja kuuliza kuhusu balbu ya wati 15, akaondoka kutafuta sola ya kuinama.

Simu nazo zimepata vigawo vyao kwa taa ya LED, na kila mwenye simu ameandika chake nyuma ya kava. Kwa moto vigawo hivyo havifanyi kazi, na tumeandika hivyo kwa herufi kubwa.

Gharama hadi leo: moduli mbili Sh 24,000, Nano 20,000, ubao na waya 8,000, kaniki 16,000, balbu mbili za nyuzi 4,000, mishumaa 3,000, mafuta ya taa 3,500. Jumla Sh 78,500. Kwa anayefuata njia ya doa la mafuta peke yake, mishumaa na mafuta vinamtosha.

Hatua inayofuata ni Pangani, giza la mwezi la mwanzoni mwa Septemba, kupima taa za wavuvi wa dagaa, ambao wengine bado wanahesabu mwanga kwa karabai. Kabla ya hapo kihisi kinahitaji boksi lisiloingiza maji ya chumvi, na kofia mpya yenye kigawo chake.